Nyumba Niliyoivika Saruji

Jumatatu, Machi 2

Mvua ilianza jana saa tisa alasiri, kaka naye akaanza robo saa baadaye. Alikuja kumsalimia mama. Akataka kufunga mlango wa chumba cha mama, ukagoma, ukabaki wazi kiasi cha vidole viwili. Akatoka nje na mvua yake, akazunguka, akarudi amelowa na hukumu mkononi: pembe ya nyumba upande anakolala mama imezama, na kuna ufa unaopanda kutoka dirishani hadi chini ya paa.

"Nyumba za miti na udongo mwisho wake ndiyo huo," akasema. Anataka ibomolewe, mama ahamie kwake mjini, kwenye chumba cha ghorofani kinachotazama ukuta wa jirani. Mama alikuwa anakunja nguo.

Mimi nilisema kwa niaba ya wote. Nikamwambia nyumba hii ilisimama kabla yeye hajaota meno. Nguzo kumi na mbili alizochonga babu, boriti zilizoungana kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja, fito na udongo katikati, chokaa juu. Kaka ni mwalimu wa hesabu. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekuja bila daftari.

"Dada, usiniletee hisia. Niletee vipimo."

Tumekubaliana hivi: nipime ufa kila siku mpaka mvua ziishe, mwisho wa Mei. Ufa ukitulia na mlango ukifunga, mama anabaki kwake. La sivyo, nyumba inashuka. Ndiyo sababu ya daftari hili. Mimi ni fundi cherehani, kipimo nilicho nacho ni futi kamba ya kushonea, na itamtosha.

Ufa: milimita nne.

Machi 3

Nne. Mvua.

Machi 4

Nne. Nimepima mara sita. Mama ameniuliza kama ufa umenisalimia.

Jumapili, Machi 8

Tano. Mume wangu amepiga simu. Amesema mteja amekuja kuulizia gauni lake na paka amezaa juu ya vitambaa. Kisha akauliza nitarudi lini. Nikamwambia mvua zikiisha. Akasema, "Ulisema hivyo na mvua za mwaka jana." Hakusema kwa ugomvi, na hilo ndilo limeniudhi. Nilikuja wiki mbili kwa msiba wa baba. Hii ni miezi kumi na tisa. Lakini nani angekaa na mama? Kaka angeshambomolea nyumba zamani.

Nimehamisha sufuria zote kutoka rafu ya juu kwenda ya chini ili mama asinyooshe mikono.

Machi 9

Tano. Mama amerudisha sufuria juu.

Machi 11

Sita na nusu. Sasa hata kidole kidogo kinaanza kuingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimetuma ujumbe kwa seremala anayejua nyumba hizi. Watu wanamwita Ngojakwanza. Nimeuliza kwa nini, wakacheka.

Jumamosi, Machi 14

Nimejua kwa nini.

Amefika saa tatu badala ya saa moja. Mtu wa rika langu, mzito, magoti yake mabovu, anakalia sanduku la vifaa vyake kila anapopata nafasi. Nikaanza kumweleza. "Ngoja kwanza," akasema, akaomba chai. Baada ya chai akaizunguka nyumba akigonga kila nguzo kwa nyundo ndogo, sikio limebandikwa kwenye ukuta. Nguzo moja, anasikiliza. Ya pili, anasikiliza. Nilitamani kumpokonya nyundo nigonge mwenyewe. Kwenye pembe ya chumba cha mama aligonga mara tatu, akapapasa saruji kwa kiganja.

"Nani alipiga saruji hapa nje?"

Mama alikuwa kwenye kiti chake barazani, hatua nne kutoka tulipo, kikombe mkononi.

"Mafundi fulani kutoka mjini," nikasema.

Mama akanywa chai.

Ngojakwanza akatoa patasi na kukata dirisha dogo kwenye saruji, ukubwa wa daftari hili. Udongo wa nyuma yake ulimwagika kama uji. Akaomba kijiko kwenye kisahani cha mama, akakichomeka kwenye mguu wa nguzo. Nguzo ya babu. Kijiko kikaingia hadi kwenye mpini.

Alinieleza pale pale, bila kupandisha sauti. Ukuta wa udongo na mti unalowa mvua ikinyesha na unakauka jua likiwaka, ndiyo maisha yake. Chokaa inauruhusu. Saruji hairuhusu. Inapasuka nyufa ndogo, maji yanaingia, kisha hayana pa kutokea, na nguzo inaoza ikiwa imesimama. "Mguu huu ulikuwa umelika kidogo tu zamani," akasema. "Ungeachwa wazi ungekauka. Aliyeuvika koti hili ndiye aliyeumaliza."

Akauliza kama mafundi hao wa mjini naweza kuwapata. Nikasema nimepoteza namba.

Machi 15

Hakuna mafundi wa mjini. Ni mimi.

Naandika ili niwe nimeiandika mahali. Baba aliipaka nyumba chokaa kila mwaka mvua zikiisha, alikuwa na ndoo yake na burashi yake, na hakumruhusu mtu kuigusa. Alipougua, miaka mitatu haikupakwa. Siku ya mazishi nilisimama uani na watu wote wale, kuta zimebanduka, fito zinaonekana kama mbavu, nikamsikia mwanamke mmoja akisema, "Mzee na nyumba yake wamechoka pamoja." Nilisikia aibu kuliko uchungu. Wiki iliyofuata nilinunua saruji. Siku tisa. Nilichanganya mwenyewe, nikapanda ngazi mwenyewe, nikasawazisha kwa viganja kwa sababu sikuwa na subira ya kujifunza mwiko. Ilipokauka ilikuwa ya kijivu, ngumu, safi. Nililala usingizi wa kwanza tangu msiba. Nikawaambia watu, na kaka akiwemo, kwamba niliita mafundi, maana nani angeamini.

Na miezi kumi na tisa nimekuwa nikimsema kaka kwamba ndiye anayetaka kuiua nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwangu mimi, nguo yenyewe niliishona.

Ufa: saba.

Machi 17

Saba. Ngojakwanza amesema ataleta mbao ngumu iliyokaushwa, siku kumi. Mpaka hapo nisiguse chochote. Kasema mara mbili, mara ya pili akinitazama mikono. Saruji iliyoiozesha nguzo ndiyo sasa inayoishikilia pembe. Ikitolewa kabla ya kuegemeza boriti, boriti itashuka. Nimesema nimeelewa.

Machi 18

Saba na nusu. Siku tisa.

Machi 19

Nimefagia ua mara mbili huku mvua inanyesha. Mama amesema nikitaka kazi zaidi kuna maji mengi sana pale nje ya kukausha.

Machi 21

Nane na nusu. Nimempangia mama dawa zake kwenye visanduku saba, kimoja kila siku. Amevitazama kama mtu aliyepewa barua ya serikali.

Machi 24

Kumi na moja. Ngojakwanza ametuma ujumbe: mbao bado, siku tatu tena. Siku tatu tena. Kuta zinakunywa maji, mimi nimekaa nimeshika tama.

Jumatano, Machi 25

Nitaandika polepole.

Asubuhi jua lilitoka. La kwanza baada ya wiki. Nikafikiri: kipande cha chini tu, mguu wa nguzo upate hewa siku hizi tatu. Kipande tu. Nilichukua nyundo ya baba na patasi kuukuu. Saruji ilikuwa imeachana na udongo, ilitoka mabamba mabamba, na kila bamba lilinipa raha. Niseme kweli, nilijisikia nimetubu. Nikamaliza mguu, nikajisemea nitoe kidogo tu hapo juu. Kisha nikajisemea mpaka dirishani.

Sikusikia mshindo. Nilisikia nyumba ikiguna, mguno mrefu, na nguzo ikakaa chini kama mzee anayetafuta kigoda. Kisha vigae vya paa. Vilimwagika kumi, ishirini, sikuhesabu.

Mama alikuwa chumbani.

Sijui niliingiaje. Boriti ilikuwa imeshuka kiasi cha shubiri na kukwama juu ya kabati lake la nguo. Kabati limepasuka mlango lakini limeibeba. Mama alikuwa ameketi kitandani, mita moja kutoka hapo, sinia la maharage mapajani, nywele zimejaa vumbi. Mbele yake palikuwa na kigae kilichovunjika vipande vitatu.

Aliniangalia, nyundo bado iko mkononi mwangu.

"Umemaliza?" akasema.

Nilimtoa nje, nikamfuta uso, nikamkagua mikono, miguu, mpaka akanipiga kofi dogo mkononi akasema yeye si mtoto mchanga. Hakuumia. Aliomba sinia lake. Akakaa barazani akaendelea kuchambua, mawe upande huu na vipande vya vigae upande ule, na mimi nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka nikatapika.

Machi 26

Ngojakwanza alikuja jana ile ile nilipompigia simu, na magoti yake yale, karibu akimbie. Aliegemeza boriti kwa magogo mawili na jeki ya kuzungusha, akafunika paa kwa turubai. Kisha akakaa juu ya sanduku lake.

"Dada, nilikwambia kwa lugha gani?"

Niliokota kipande cha kigae, nikakiweka chini tena.

"Nyumba hii haina ugonjwa wa mbao. Ina ugonjwa wa mikono ya mtu."

Nikapiga moyo konde. Nikamwambia saruji ile niliipiga mimi, hakuna mafundi wa mjini wala wa wapi.

"Najua," akasema. "Viganja vimejaa ukuta mzima. Fundi gani anasawazisha saruji kwa viganja? Nilingoja useme."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi ya nyumba anaijua yeye, nitaitoa kila asubuhi kwa muda atakaonipangia.

Machi 28

Radhi yenyewe ni hii. Boriti haiwezi kurudishwa kwa mara moja, itapasua maungio yote mpaka upande wa pili. Inarudishwa kwa jeki, robo mzunguko kwa siku. Asubuhi, mara moja. Kisha mti unaachwa uzoee mpaka kesho. Ngojakwanza amechora alama ya mkaa kwenye jeki na amenikabidhi mimi mpini. Hataki kuja kuusimamia. Amesema akinikuta nimezidisha ataona kwenye maungio na ataondoka na magogo yake.

Kwa hiyo saa moja asubuhi nazungusha robo. Inachukua nukta tano. Halafu nina siku nzima.

Machi 29

Robo.

Machi 30

Robo. Kaka amepiga simu kuuliza vipimo. Nimemwambia ufa ulifika kumi na moja, sasa tunaufanyia kazi. Sikumwambia kuhusu boriti. Sikumwambia kuhusu kigae.

Machi 31

Robo. Nimesimama na mpini mkononi dakika nzima baadaye. Niliuweka chini, nikatoka nje.

Aprili 4

Robo. Mume wangu ameuliza sauti yangu ina nini. Nimemwambia yote. Akasema, "Na mwaka ule uliponipangia upya karakana yangu nikiwa safarini?" Tumecheka wote, mimi zaidi kidogo kuliko ilivyostahili.

Aprili 11

Robo. Mvua kubwa. Saruji ya ukuta wa mashariki, upande wa mama, tumeitoa yote chini ya turubai, kipande kwa kipande, Ngojakwanza akionyesha pa kugonga na mimi nikigonga. Ukuta ulipobaki wazi ulikuwa mweusi na unanuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndooni. Nikauliza sasa tunafanya nini. "Tunaondoka hapa," akasema. "Unauangalia kwa nini? Haukauki kwa kuangaliwa."

Aprili 12

Robo.

Aprili 13

Robo. Mlango wa mama umesogea. Wazi kidole kimoja na nusu.

Jumapili, Aprili 19

Robo. Leo mama alikuja kusimama karibu nami nilipokuwa nazungusha. Nikamuuliza jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu siku ya kijiko.

"Mama, wewe ulijua kwamba saruji haifai?"

"Baba yako hakuitaka hata kuisikia. Nilijua."

"Mbona hukunizuia?"

Alifikiri. "Ulikuwa unachanganya huku unalia. Siku tisa. Ningekwambia nini? Nilijisemea ukuta tutautengeneza baadaye."

Akaenda kubandika chai. Nilibaki na mpini ule nikijaribu kukumbuka kama kweli nililia. Mimi nakumbuka saruji tu.

Aprili 27

Robo. Boriti imekaa mahali pake, kasoro unene wa kucha. Ngojakwanza ameukata mguu uliooza mpaka palipo na mti mzima, akaunga kipande kipya, ulimi ndani ya tundu, vigingi viwili. Alinipa nyundo nigonge kigingi cha mwisho. Niligonga kidogo, nikasubiri aseme. Hakusema. Nikagonga kidogo tena.

Nguzo ya babu sasa ina mguu wa rangi nyingine. Imesimama juu ya jiwe, si juu ya udongo. Nimeipenda kuliko nilivyotarajia.

Mei 3

Mvua za mwisho mwisho. Fito mpya, udongo mpya. Nimekanyaga udongo mpaka magotini.

Mei 9

Tunasubiri ukauke.

Mei 10

Tunasubiri.

Mei 14

Tunasubiri. Nimeshona mashuka mawili na sikupima kitu.

Mei 23

Chokaa, mkono wa kwanza. Nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Nilitaka kuongeza, Ngojakwanza akaninyang'anya ndoo.

Jumapili, Mei 31

Kaka amekuja leo kama tulivyopatana. Mvua hakuna. Alianza na mlango, akaufunga, akaufungua, akaufunga. Akaenda pembeni na pima maji yake aliyokuja nayo kutoka shuleni. Kisha akaniomba vipimo.

Nilikuwa nimepanga kuzinakili tarakimu peke yake kwenye karatasi safi. Karatasi ilikuwa tayari mezani. Mama akasema, "Mpe daftari." Nikamwambia lina mambo mengine. "Ndiyo maana," akasema.

Nikampa. Alikaa barazani akasoma saa nzima, na mimi sikuwa na pa kuweka mikono. Nilimwona alipofika Machi 25. Alisimama, akatembea mpaka mwisho wa ua, akarudi, akaanza ukurasa ule upya. Kaka, kama unasoma tena: nilikuona.

Alipomaliza alikuja kukaa karibu nami.

"Mama angekufa," akasema.

"Ndiyo."

"Na ungenidanganya tena kwamba ni mafundi."

"Sijui. Pengine."

Macho yake yalikuwa mekundu. Ningependelea anitukane. Akasema tangu baba afariki amekuwa akisikia simu ikilia asubuhi na kudhani ni habari kwamba nyumba imemwangukia mama, na kwamba ndiyo sababu alitaka kuibomoa, si kwa kuichukia. Sikujua. Miezi yote hii nilimwona mtu mwenye rula tu. Nikamshika bega.

Kisha tukaanza kupanga, tumeyeyuka wote wawili, tukigawana kwa upendo. Nyumba ibaki. Mama abaki. Mimi nibaki naye, moja kwa moja, nihamishe cherehani ya pili na wateja wangu. Kaka atakuja kila Jumamosi. Kaka akasema choo kihamishiwe ndani. Nikasema jiko lishushwe. Tulikuwa tunakubaliana kwa mara ya kwanza tangu utoto, na ilikuwa tamu.

"Mmemaliza kunigawana?"

Mama alikuwa mlangoni.

Alisema bila hasira, na ndivyo ilivyoniingia. Alimwambia kaka Jumamosi moja kwa mwezi inatosha, na asiingie na rula. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu, rudi kwa mumeo. Wiki hii."

"Mama, nani atakaa na wewe?"

"Nitakaa mwenyewe. Ngojakwanza atapita kuangalia ukuta, na atakunywa chai, na hatanihamishia sufuria."

Nikasema nimekaa kwa ajili yake.

"Najua," akasema. "Nimekuacha ukae kwa sababu ulikuwa huwezi kukaa kwako na msiba ule. Sasa unaweza. Tangu baba yako afe sijapata hata wiki moja ya kumlilia nikiwa peke yangu. Kila nikikaa unanifuta vumbi."

Kaka aliangalia sakafu. Mimi nilitaka kujibu, nilikuwa na majibu kama saba, na yote yalikuwa yangu, hakuna hata moja lililokuwa lake.

Jumatatu, Juni 1

Ninaondoka kesho asubuhi. Mume wangu amesema sawa, kisha akasema tena sawa. Nguo zangu zimejaa sanduku moja. Nilidhani nina vingi.

Ni saa kumi alasiri. Nimekaa barazani. Mama yuko chumbani, amefunga mlango, na nasikia kitanda kikiburutwa. Anakirudisha chini ya dirisha, mahali walipokiweka yeye na baba, kwani Aprili mimi nilikihamishia karibu na mlango. Ni kitanda kizito cha mti. Anaburuta kidogo, anapumzika, nasikia anahema. Anaburuta tena. Mara moja mguu umekwama kwenye ubao wa sakafu na akasema neno ambalo sikujua kwamba mama analijua.

Nimeikalia mikono yangu.

Anaburuta tena.